Jicho la Mwenzio, na Saladi ya Mboga za Kuchoma



Mhariri ameniletea barua mbili katika bahasha moja. Ya kwanza yatoka kwa kijana wa afisini. Auliza kama yafaa kumlipa mtu aitwaye kocha ili amsaidie kuwa mtu bora, au kama ni fedha za kutupa. Ya pili yatoka kwa mama wa nyumba ambaye mumewe ameambiwa na daktari apunguze vyakula vya kukaanga, naye aomba apewe chakula cha mboga kitakachomridhisha mzee huyo asiyependa mboga. Barua hizi hazina udugu hata kidogo. Walakini masuala yote mawili yalipata jawabu nyumbani kwangu hapa Tanga, jioni moja ya mwezi wa Rajab mwaka 2025, mbele ya seredani moja. Basi nitayasimulia pamoja kama yalivyotokea.

Kwanza nieleze kocha ni nani, kwani wazee wenzangu wakilisikia neno hili humdhania yule anayesimama kando ya kiwanja cha mpira na kupaza sauti. Neno lenyewe limesafiri safari ndefu. Huko Hungaria kuna kijiji kiitwacho Kocs, ambacho tangu karne ya 15 kilisifika kwa magari ya kukokotwa na farasi. Gari likachukua jina la kijiji, na jina likaenea Ulaya. Katika miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford, Uingereza, wakaanza kumwita kwa jina hilo la gari, kwa mzaha, mwalimu wa faragha aliyewabeba mpaka wakavuka mtihani. Kutoka hapo likaingia michezoni, na kutoka michezoni likatufikia sisi.

Ama kocha wa maisha na wa kazi, huyu ni wa juzi. Mmarekani mmoja, Timothy Gallwey, mwalimu wa mchezo wa tenisi, alitoa kitabu mwaka 1974 akaeleza aliyoyaona kiwanjani: kila alipozidisha maagizo, mwanafunzi alizidi kukakamaa, alipomwambia autazame mpira tu, na aseme kwa sauti unapodunda na anapoupiga, mkono ulijirekebisha wenyewe. Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa zamani dereva wa magari ya mashindano, akayachukua maarifa hayo akayatia maofisini, na kitabu chake cha mwaka 1992 kikaeneza mpango wa maswali ya hatua nne. Wataka nini? Hali yako sasa ikoje? Ni njia zipi ulizo nazo? Utafanya nini, na lini? Mwaka 1995 likaanzishwa huko Marekani shirikisho la kimataifa la makocha, lenye kanuni zake za maadili; na moja ya kanuni hizo ni kutunza siri ya anayekuja kwao.

Haya mimi nilikuwa siyajui. Nimeyajua kwa binti yangu wa pili, ambaye ana kazi Dar es Salaam, na afisi yao iliwaletea kocha kwa muda wa miezi sita. Alikuja likizo, akashuka basi alasiri, akamwamkia mama yake, akaniamkia mimi, na kabla hajapumzika akauliza kama makaa yapo. Mama yake alikuwa amefunga siku hiyo, na mwalimu mwenzangu mmoja, mzee aliyenizidi miaka kumi na ambaye amekwisha pumzika kusomesha, alikuwa amealikwa kufuturu kwetu. Binti akasema leo jikoni hapikwi kitu cha mafuta, atatengeneza saladi ya mboga za kuchoma. Wenzetu wa Tunisia wanayo saladi ya namna hii, nao huiita kwa neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya kuchomwa. Yake aliifanya kwa mboga za soko la Ngamiani.

Mama uliyeandika, chukua haya kwa watu sita. Mabilingani makubwa mawili, pilipili hoho nne (zile kubwa zisizowasha, za Lushoto ni nene na hazinyauki upesi), nyanya tano ngumu, vitunguu maji viwili, na kichwa kimoja cha kitunguu saumu. Washa makaa uyaache mpaka yaingie jivu juu, kwani mwali huunguza nje na kuacha ndani kubichi. Mabilingani uyatoboe kwa uma mahali kadha wa kadha. Jambo hili usilipuuze, maana bilingani lisilotobolewa hujaa mvuke likapasuka, na mimi nimekwisha kusafisha ukuta kwa sababu yake. Weka kila kitu juu ya wavu pamoja na ganda lake, vitunguu pia, na ugeuze kwa koleo. Nyanya ndizo za kwanza kutoka, kisha hoho, ambazo hutaka kama dakika kumi mpaka ganda liwe jeusi pande zote. Bilingani huchukua dakika ishirini au zaidi, mpaka likilegea lote kama mfuko mtupu.

Nilikuwa nimekaa kibarazani nikimtazama akigeuza, nikamwuliza, "Huyo kocha wenu anakufundisheni nini?"

"Hatufundishi, Baba. Anatuuliza."

Nikacheka. Nikasema ya kuwa mimi huulizwa na watoto kutwa nzima wala silipwi shilingi kwa hilo. Akatabasamu, akageuza bilingani. "Nikuulize wewe, Baba? Hoho zikiiva tutakuwa tumekwisha."

Nikakubali kwa mzaha. Akaniuliza ni jambo gani ningependa libadilike katika chuo changu. Hilo halikunishinda: nilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja, nao wamepungua hata kufika ishirini na tisa, nami nataka warudi. Akauliza walianza kuondoka lini. Nikamwambia habari za televisheni, na simu, na shule za Kiingereza zinazowachukua watoto mpaka magharibi, na wazazi wa siku hizi ambao mtoto akijua kusoma alama za magari kwao yatosha. Nilisema mengi, kwani mambo haya nimekwisha yasema barazani mara nyingi na maneno yake nayajua kwa moyo. Yeye hakunikatiza wala hakunibishia. Nilipomaliza akauliza, "Katika hayo yote, Baba, lipi liko mikononi mwako?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza, na hili ndilo lililonishangaza, kwa sababu mtoto huyu tangu utotoni hakuwa mtu wa kunyamaza. Alizitoa hoho, akazitia katika bakuli, akazifunika kwa sahani, akakaa. Katika ule ukimya akanijia mtoto mmoja.

Alikuwa na miaka tisa, mwenye kigugumizi. Akifika penye herufi nzito ulimi wake hukwama, akafumba macho akasukuma. Asubuhi moja tulikuwa na haraka, naye akakwama, nami nikasema mbele ya wenzake, "Haya, tumngoje, huenda akafika kabla ya adhuhuri." Watoto wakacheka. Nami nikacheka. Kesho yake walimwita Adhuhuri, na jina likamganda. Wiki haikwisha akaacha kuja. Nami ndiye niliyewasomesha watoto hao Sura ya Hujurati, pale Mwenyezi Mungu anapokataza watu kudharauliana na kubandikana majina ya ubaya.

Nikamweleza binti. Mke wangu alikuwa mlangoni akichambua majani ya kotmiri, akasema, "Mwalimu, maneno hayo nilikwambia tangu Mfungo Mosi. Ukaniambia mambo ya chuoni niyaache chuoni."

Alisema kweli. Alinambia, nami nikajitetea, kwa kuwa aliniambia. Mtu akikwambia kosa lako unapata wa kupigana naye. Lakini mimi jioni ile nilikuwa nimejiambia mwenyewe, kwa kinywa changu, na hapakuwa na wa kumjibu. Basi kijana uliyeandika, hapo ndipo nilipofahamu kazi ya kocha. Hakuletei elimu mpya. Akuuliza mpaka uisikie ile uliyo nayo.

Akaniuliza njia nilizo nazo. Nikataja ya kwanza, akasema, "Na nyingine?" Nikataja ya pili, akasema vilevile. Mwisho nikasema nitakwenda kwao mtoto kumwomba radhi, inshallah.

"Inshallah ya siku gani, Baba?"

Mama yake akacheka sana. Nikasema kesho baada ya Isha.

Hoho zilikwisha pata dakika kumi na tano chini ya sahani. Mvuke wao wenyewe ndio unaozivua. Ukilivuta ganda kwa vidole huteleza lote. Usizioshe kwa maji, kwani ladha ya moshi itakwenda na maji; vidole vikichafuka vifute kwa kitambaa. Toa mbegu. Bilingani lipasue, ukombe nyama yake kwa kijiko, na uiache katika chujio itone, maana maji yake yana uchungu kidogo na hufanya saladi iwe kama mchuzi. Vua maganda ya nyanya na vitunguu. Vyote vikatekate kwa kisu, usivisage, isipokuwa punje za kitunguu saumu, ambazo zitakuwa zimelainika: ziponde kinuni na chumvi kijiko kimoja cha chai na bizari nyembamba nusu kijiko, iliyokaangwa kavu. Kamulia ndimu mbili, tia vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, au ya alizeti ukikosa, changanya, na mwagia kotmiri juu. Iache nusu saa ipoe kabla ya kula. Mzee wako asiyependa mboga usimwambie ni saladi. Mwekee karibu na mkate wa mofa umoto, unyamaze.

Mke wangu alitaka kumkaangia mgeni samaki pia, akiona ni aibu kumwekea mtu mzima mboga na mkate. Mgeni akasikia, akakataa, akatukumbusha kisa ambacho Imam Ghazali amekihifadhi. Sayyidna Umar alipokuwa Khalifa alimwuliza Salmani Mfarsi ni jambo gani la kuchukiza amelisikia juu yake. Salmani akaomba kusamehewa, Umar akashikilia. Basi Salmani akamwambia kwamba amesikia alikusanya vitoweo viwili katika meza moja, na kwamba ana nguo mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Umar akauliza kama yako mengine. Akaambiwa hapana. Akasema hayo mawili amekwisha achana nayo. Tukacheka, na samaki akabaki mbichi mpaka kesho.

Walakini kisa kile kilinikaa rohoni kwa sababu nyingine. Salmani hakumwuliza Umar maswali. Alimwambia alichosikia kwa watu.

Imam Ghazali mwenyewe alikuwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, na mwaka 1095, kama alivyosimulia, ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha hata neno moja, matabibu wakakata tamaa. Akaiacha kazi ile yenye heshima akaenda zake Sham. (Nilikuwa nimekisoma kisa hiki zamani, wala sikupata kukifikiri pamoja na mtoto yule.) Katika kitabu chake cha kuhuisha elimu za dini ameandika mlango juu ya kuirudi nafsi, na humo ametaja njia nne za mtu kuzijua aibu zake. Akae mbele ya sheikh mwenye kuziona. Au amweke rafiki mkweli awe mlinzi juu yake. Au azisikilize ndimi za maadui zake, ambao hawamfichi kitu. Au achanganyike na watu, na kila alionalo baya kwao alitafute kwake. Tazama: katika zote nne yupo mtu anayeona, au kitu kinachoonekana. Kocha yeye hujua yale tu uliyomwambia. Lau ningalikwenda kwa kocha aliye mbali ningalimwambia habari za televisheni na shule za Kiingereza, naye angaliniuliza maswali mazuri sana juu ya televisheni.

Na hata jioni ile nilikuwa sijayaona yote. Nilidhani nimemkejeli mtoto mmoja siku moja. Nikamwomba mwenzangu, yule mgeni, aje chuoni asubuhi mbili kila wiki, akae nyuma kama anayesoma, na ahesabu. Kwangu siku ya Alhamisi chuo hufungwa adhuhuri, na jioni yake huwa tunakula pamoja. Alhamisi ya kwanza, baada ya chakula, alitoa mfukoni kokwa za tende akazipanga pembeni ya sahani, moja kwa kila mara niliyomfanya mtoto achekwe. Zilikuwa kumi na nne. Nilitaka kusema kwamba amehesabu na mizaha ya kawaida, kisha nikamkumbuka Umar, nikanyamaza. Ingawa sikunyamaza kwa wema, bali kwa haya.

Basi jawabu langu kwa kijana ni hili. Ukimpata kocha mzuri na fedha unazo, au afisi inakulipia, nenda. Hakuna ubaya kumlipa mtu kwa saa yake na masikio yake. Lakini mtazame kwanza. Katika nchi nyingi mtu yeyote aweza kujiita kocha bila ya kuulizwa cheti, kwa hiyo muulize wewe amejifunzia wapi na atakuwa chini ya maadili gani. Akikuahidi utajiri, au akitaka ulipe mwaka mzima mbele, ondoka. Akikuambia yale unayopenda kuyasikia tu, huyo si kocha, ni msifu wa arusini, na tena wa arusini huimba. Mwenye huzuni nzito isiyomwacha alale, au aliyechoka na uhai wake, huyo hana haja ya kocha bali ya daktari, na kocha mwaminifu atakuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Mabinti wafanye na makocha wanawake, au mazungumzo yawe mahali pa wazi. Na wazazi msiwazuie kwa kudhani kila swali ni fitina.

Dada mmoja wa jirani aliposikia habari hizi aliniuliza kama akimweleza kocha wake mambo ya mumewe itakuwa ni kusengenya. Imam Nawawi ameruhusu kutaja aibu ya mtu kwa ajili ya kutaka shauri au fatwa, na dalili yake ni Hindi binti Utba aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe Abu Sufyani, naye hakukemewa. Hindi alitaja lililo lazima. Hakusimulia mengine.

Kisha, kijana, pamoja na kocha huyo umtafute mtu anayekuona: anayekaa nawe kazini, au anayekula nawe, asiyekuogopa wala asiye na haja kwako. Muombe akuhesabie jambo moja tu. Usimwombe akueleze tabia yako yote, hamtaelewana. Na kama una mke, umwulize yeye mwanzo, huenda ukaokoa fedha. Mimi ningaliokoa miezi tisa.

Kwao mtoto nilikwenda usiku ule nilioahidi. Baba yake alinipokea kwa adabu, akanipa kahawa, akasikiliza. Mtoto alikaa nyuma ya mlango, nikaona vidole vyake tu. Nilipokwisha sema, baba akajibu, "Tutaona, Maalim," wala sikumlaumu. Rajab ikapita, Shaabani na Ramadhani zikapita. Alirudi baada ya Idi, pamoja na dada yake mdogo, akachagua mahali karibu na mlango, na hapo ndipo anapokaa hata leo. Akikwama sote twangoja. Jina lile sijalisikia tena nikiwapo, nisipokuwapo sijui.

Saladi sasa hupikwa kwetu kila Alhamisi, na mke wangu ameongeza pilipili kali moja ya kuchoma, ambayo kwa mgonjwa wako, mama, iache. Kokwa zimekuwa zikipanda na kushuka: tisa, sita, kisha katika wiki ya mitihani kumi na moja. Alhamisi iliyopita mwenzangu alipanga tatu. Mbili nilizikubali. Ya tatu nikambishia, nikamwambia siku hiyo sikumsema mtoto yeyote.

"Hukusema, Maalim," akanijibu akifuta sahani kwa mkate. "Ulimtazama mwenzake ukatabasamu."